Kitabu cha Wanyama: Fisi Aliyeandikwa na Fisi Aliyeonekana

 

Leo nataka kusema nanyi habari za vitabu vya zamani vilivyoandikwa juu ya wanyama, na juu ya maana ambazo watu waliwapa wanyama hao. Jambo hili laweza kuonekana kuwa ni la watu wa mbali na la siku nyingi zilizopita. Lakini mkinisikiliza mpaka mwisho mtaona ya kuwa lahusu boma lenu, mifugo yenu, na hata maneno mnayoambiana sokoni. Kwa maana sina habari ya kabila la watu lisilowafanya wanyama kuwa alama za tabia za wanadamu. Sisi twasema simba ni ushujaa, sungura ni werevu, fisi ni ulafi, kinyonga ni kigeugeu, bundi ni mkosi. Nani alituambia hayo? Na je, yeye alikuwa amemtazama mnyama mwenyewe, au alisikia tu kwa mwingine?

Kwanza nitawaeleza vitabu vyenyewe. Katika mji wa Iskanderia, nchi ya Misri, baina ya karne ya 2 na karne ya 4 baada ya kuzaliwa Kristo, mtu ambaye jina lake halikuhifadhiwa aliandika kwa Kiyunani kitabu kidogo kiitwacho Physiologus, maana yake Mjuzi wa Maumbile. Kitabu hicho kilipendwa mno. Kiligeuzwa kwa Kilatini, kwa Kisiria, kwa Kiarmenia, na kwa Kige'ez, ambayo ni lugha ya kale ya Uhabeshi. Basi hata upande huu wetu wa Afrika walikuwako watu waliokisoma tangu zamani. Baadaye katika Ulaya maneno yake yalichanganywa na maneno ya Isidore, askofu wa Seville katika Hispania, aliyekufa mwaka 636, na hivyo vikatokea vitabu vikubwa zaidi vya wanyama. Vilistawi hasa Uingereza katika karne ya 12 na ya 13. Kimoja, kilichoandikwa karibu na mwaka 1200, kingali kimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Aberdeen, huko Uskoti. Kiliandikwa kwa mkono juu ya ngozi zilizolainishwa, na sura za wanyama zikapambwa kwa rangi na kwa dhahabu.

Kila habari katika vitabu hivyo ilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ilieleza tabia ya mnyama. Ya pili ilieleza maana ya tabia hiyo kwa roho ya mwanadamu. Chukueni simba. Walisema simba ana mambo matatu ya ajabu: akiwindwa hufuta nyayo zake kwa mkia, akilala macho yake hubaki wazi, na watoto wake huzaliwa wafu, wakakaa hivyo siku tatu, mpaka baba yao aje awapulizie pumzi usoni, ndipo wapate uhai. Kisha wakaeleza ya kuwa huo ni mfano wa kufufuka kwa Kristo siku ya tatu. Mwari, yule ndege mkubwa mwenye mfuko chini ya mdomo, walisema huwaua watoto wake kwa hasira, halafu hujuta, hujipasua ubavu, na kuwarudishia uhai kwa damu yake mwenyewe. Tembo naye walisema hana magoti. Kwa hiyo hawezi kulala chini, kwa kuwa akilala hawezi kuinuka tena. Hulala ameegemea mti. Mwindaji akijua mti huo huukata nusu, na tembo akija kuegemea huanguka pamoja nao.

Ninyi mnaokaa Loliondo, na Ngorongoro, na Karatu, mtacheka mkisikia hayo. Mtu wa kwenu amemwona tembo akikunja miguu, akalala kwa ubavu, akainuka tena akaenda zake. Tena amewaona simba kwa jinsi walivyo: watoto wao huzaliwa hai, ila wamefumba macho, na mama yao huwaficha vichakani. Wala baba hawapulizii pumzi. Simba dume mgeni akishinda na kulitwaa kundi, mara nyingi huwaua watoto wa dume aliyetangulia. Mambo hayo yamechunguzwa katika Serengeti tangu mwaka 1966 mpaka siku zetu.

Hata hivyo tusicheke upesi. Watawa walioandika vitabu vile hawakuwa wajinga. Wengi wao hawakumwona tembo hata siku moja maishani. Tena shabaha yao ilikuwa kumfundisha mtu namna impasavyo kuishi. Habari za tembo zilikuwa chombo tu cha kuchukulia mafundisho, kama kibuyu kichukuavyo maziwa. Atakaye maziwa haulizi sana kibuyu kilikatwa shamba la nani.

Wazee wetu nao walifanya vivyo hivyo, ila kitabu chao kilikuwa moto wa jioni. Katika kitabu cha habari za Wamasai alichokitoa A. C. Hollis mwaka 1905 imo hadithi ya sungura aliyebebwa na tembo pamoja na mifuko yao ya asali, akaila asali yote njiani, akajaza mawe mahali pake. Hakuna mzee aliyeamini kwamba sungura hupanda migongo ya tembo. Aliyesimulia alijua, na mtoto aliyesikiliza alijua, ya kwamba habari ile ni ya mtu mdogo mwenye akili na mtu mkubwa mwenye kuamini kila neno. Waarabu pia walikuwa na vitabu vyao. Al-Jahiz wa Basra, katika karne ya 9, aliandika kitabu kikubwa kiitwacho Kitabu cha Wanyama, na al-Damiri wa Misri, aliyekufa mwaka 1405, aliwapanga wanyama kwa taratibu ya herufi, akataja hukumu za sheria juu ya kuliwa kwao, mithali zao, na maana ya kuwaota usingizini.

Sasa angalieni jambo moja. Kama maana ingekuwa ndani ya mnyama mwenyewe, mataifa yote yangeisoma namna moja, kama watu wote waonavyo kwamba moto huunguza. Lakini sivyo ilivyo. Bundi kwetu akilia juu ya paa watu huona mashaka. Lakini watu wa Athens, katika Uyunani ya kale, walimfanya ndege wa hekima, wakachora sura yake juu ya fedha zao. Fisi, kwa waandishi wa Ulaya, alikuwa chukizo kwa sababu walisema hufukua makaburi na kula maiti. Kwa Wamasai wa zamani wafu wengi hawakuzikwa, bali walilazwa nje ya boma, na kuchukuliwa na fisi ilikuwa ndiyo njia ya kawaida ya mwili kuondoka. Kitendo ni kile kile, na mnyama ni yule yule. Waliobadilika ni watazamaji.

Mfano ulio bora kupita yote umetoka pwani yetu wenyewe. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimpelekea Mfalme Yongle wa Uchina zawadi ya twiga. Mwaka uliotangulia, 1414, twiga mwingine alikuwa amefika huko kutoka kwa mfalme wa Bengal. Wachina walikuwa na habari katika vitabu vyao vya kale za mnyama mtakatifu aitwaye qilin, mpole, asiyekanyaga kiumbe chenye uhai, ambaye huonekana tu wakati nchi inapotawaliwa na mfalme mwenye haki. Walipomwona twiga, shingo yake, mwendo wake na upole wake, wakasema, Huyu ndiye. Mchoraji akamchora, na sifa zikaandikwa juu ya picha. Mnyama ambaye hapa kwetu hula miiba ya mgunga kila siku, huko akawa cheti cha haki ya mfalme. Wayunani na Warumi, wao, walipomwona twiga walisema ni mchanganyiko wa ngamia na chui, wakamwita ngamia-chui; jina hilo limebaki mpaka leo katika jina lake la kitaalamu, camelopardalis. Na sisi katika Tanzania tumemfanya mnyama wa taifa. Twiga mwenyewe hakusema neno lo lote katika hayo yote.

Basi twaweza kusema, maana ya mnyama ni maandishi ya mwanadamu juu ya ngozi isiyo yake. Hakuna ubaya katika kuandika. Ubaya huanza mtu anapoyasoma maandishi yake mwenyewe akadhani ni habari za mnyama. Hapo ndipo nataka tukae zaidi, na mwalimu wetu awe fisi.

Wote twajua sifa zake: mwoga, mlafi, mwizi wa mabaki, mwenye kicheko kibaya. Vitabu vya Ulaya viliongeza kwamba mwaka huu huwa dume na mwaka ujao huwa jike. Mwaka 1964 mtaalamu mmoja kutoka Uholanzi, jina lake Hans Kruuk, alikuja Serengeti kuchunguza fisi, akafanya kazi hiyo huko na ndani ya Kreta ya Ngorongoro mpaka mwaka 1968. Kitabu chake kikatolewa mwaka 1972. Yeye hakutosheka na kutazama mchana. Usiku wa mbalamwezi aliwafuata fisi kwa gari, taa zimezimwa, akaona wafanyavyo.

Nini aliona? Wageni waliokuwa wakiteremka katika Kreta asubuhi walikuwa wakiwakuta simba wanakula punda milia au nyumbu, na fisi wamekaa pembeni wakingoja. Kila mgeni alisema moyoni, Tazama, simba shujaa amewinda, na fisi mwoga angoja makombo. Lakini Kruuk, aliyekesha, aliona mara nyingi ya kuwa mnyama yule aliuawa na fisi wenyewe usiku; simba walisikia kelele, wakaja, wakawanyang'anya. Kwa kweli, ndani ya Kreta, sehemu kubwa sana ya chakula cha fisi ilikuwa ya kuwinda kwao wenyewe. Aliona pia ya kwamba wakitaka nyumbu, fisi mmoja huweza kuanza mbio peke yake na wenzake wakamfuata. Lakini wakitaka punda milia hukusanyika wengi tangu mwanzo, wakapita katikati ya nyumbu bila kuwajali, kama watu waliokwisha kufanya shauri. Jambo hilo halikuwa woga, wala haukuwa upumbavu.

Kicheko chake nacho si furaha. Fisi hutoa sauti ile mara nyingi anapofukuzwa au kushambuliwa na wenzake wanaogombea nyama. Iko karibu na kilio kuliko kicheko. Habari ya dume na jike nayo ina asili yake: fisi jike wa madoa ana maumbile ya nje yanayofanana sana na ya dume, tena ni mkubwa kuliko dume na ndiye mwenye amri katika ukoo. Mtu aliyemwona akimnyonyesha mtoto, kisha akamtazama vema, alishangaa. Macho yake yaliona kweli. Ulimi wake ndio uliokwenda mbali. Hata hivyo Aristotle, Myunani wa karne ya 4 kabla ya Kristo, alikuwa amekwisha kuikataa hadithi ya fisi kuwa na jinsia mbili. Na hadithi ikaendelea kuandikwa zaidi ya miaka 1500 baada yake, kwa kuwa ilifaa kwa mahubiri. Angalieni jinsi uongo wenye mafundisho mazuri ulivyo na maisha marefu!

Sisemi ya kuwa fisi ni malaika. Mchungaji wa Loliondo aliyeamka akakuta mbuzi wake sita wamekufa ndani ya zizi hahitaji hotuba ya kuambiwa fisi ni rafiki. Yeye tangu zamani alijua kwamba fisi huwinda. Mithali husema, fisi akimla muwele, mzima funga mlango. Na hiyo ni mithali nzuri, kwa maana yatuambia tufanye nini: kufunga mlango, kuuimarisha ua wa miiba, kuwa na mbwa na mtu macho. Haituambii kumchukia mnyama kwa sababu ya tabia tulizomwandikia. Kujilinda ni jambo moja, na kuhukumu ni jambo jingine.

Mtaniuliza, Kosa hili lina hasara gani? Nitawaonyesha hasara tatu.

Hasara ya kwanza ni ya mbwa mwitu. Mnyama huyu hawindi kwa kukaba koo kama simba. Hurarua windo lake lingali linakwenda, na jambo hilo laogofya macho. Kwa hiyo Wazungu wengi waliokuja Afrika kusimamia wanyama walimwita katili. Hao hawakuwa watawa wa karne ya 12. Walikuwa watu wa sayansi na wa bunduki. Lakini walifanya kosa lile lile, kwani walimpimia mbwa mwitu uungwana wa kibinadamu, wakamwona hana. Katika hifadhi nyingi za Afrika alipigwa risasi kama mdudu mharibifu na wale wale waliowekwa kulinda wanyama. Siku hizi twajua ya kuwa mbwa mwitu, wakiisha kuua, huwaachia watoto wale kwanza, na wakirudi penye pango huwatapikia nyama watoto na wenzao waliobaki nyumbani. Je, ni mnyama gani tungependa zaidi kumweka katika kitabu cha maadili? Lakini kujua kulichelewa. Makundi yaliyokuwa yakichunguzwa katika nyanda za Serengeti yalitoweka mwaka 1991, na magonjwa yanayotoka kwa mbwa wa kufugwa yametajwa miongoni mwa sababu. Wapi walibaki? Walibaki katika nchi ya Loliondo, kati ya wafugaji na ng'ombe wao. Na tangu mwaka 2012 mbwa mwitu kadha wa kadha walichukuliwa huko wakapelekwa magharibi ya Serengeti ili kizazi chao kirudi. Hifadhi iliazima mbegu kwa jirani.

Hasara ya pili ni ya tumbusi. Vitabu vya zamani vilisema tumbusi hutabiri mauti, na kwamba hufuata majeshi kwa kuwa ajua watu watakufa. Kwetu pia jina lake halina heshima. Lakini tumbusi haleti kifo. Hufika kwa sababu macho yake ni makali na kifo kimekwisha kupita. Katika magenge ya milima ya Gol, kusini ya Loliondo, tumbusi hujenga viota, na kutoka huko huruka mbali sana kuitafuta mizoga. Mzoga ambao ungekaa siku nyingi ukioza na kutoa maradhi humalizwa na tumbusi na fisi kwa muda mfupi. Fisi wengi wa Serengeti waliopimwa damu wamekutwa na alama za kuwa walikwisha kukutana na kimeta, ugonjwa uuao ng'ombe na watu, wakapona. Basi hao ndio wafagiaji wa nchi, wala hawaombi mshahara.

Na watu huwalipa nini? Simba au fisi akiua ng'ombe, yuko mtu ambaye kwa hasira hutia sumu katika mzoga. Sumu haichagui. Atakufa fisi, naye huenda siye aliyeua. Watakufa tumbusi kwa makumi katika siku moja. Atakufa mbwa wa boma. Mwaka 2015 Umoja wa Kimataifa wa Kuhifadhi Maumbile uliziandika aina kadha za tumbusi wa Afrika katika daraja ya viumbe vilivyo karibu kabisa na kutoweka, na sumu ni mojawapo ya sababu kubwa. Katika Bara Hindi tumbusi walikufa kwa mamilioni katika miaka ya 1990 na baadaye, kwa ajili ya dawa ya maumivu iliyopewa ng'ombe. Mizoga ikakaa, na mbwa wasio na wenyewe wakaongezeka pamoja na hatari ya kichaa cha mbwa. Mtu akimpoteza mfagiaji kwa sababu hapendi sura yake, ndipo atakapojua thamani ya ufagio.

Hasara ya tatu ni kubwa kuliko hizo mbili, maana ni ya wanadamu. Jina la mnyama likiisha kuwa alama ya uovu, haliwezi kukaa porini tu. Hutafuta mtu wa kumvika. Kitabu kile cha kale, kilipokwisha kusema kwamba fisi ni mwenye nia mbili, kilisema pia ya kuwa Wayahudi wafanana naye. Na bundi, apendaye giza, akapewa maana hiyo hiyo. Wasomaji wa Uingereza waliyasoma hayo kizazi baada ya kizazi, na mwaka 1290 Wayahudi wote wakafukuzwa katika nchi ile. Sisemi kitabu cha wanyama ndicho kilichowafukuza. Nasema kilisaidia kuwazoeza watu kumtazama jirani na kuona ngozi ya fisi.

Na jambo hili si la zamani tu, wala si la Ulaya tu. Katika Rwanda, jirani yetu, mwaka 1994, redio moja ilikuwa ikiwaita Watutsi mende na nyoka. Watu hawakufikiri sana juu ya mende, kwa kuwa kila mtu ajua mende hufanywa nini. Mamia ya maelfu ya watu waliuawa katika muda wa siku 100 hivi, na wengine walikimbia wakavuka mto kuingia nchi yetu. Mimi ninayesema nanyi sasa nasema kwa redio, kwa hiyo sitaki kulipita jambo hili upesi. Chombo hiki chaweza kuwafundisha watu wengi mara moja, nacho chaweza kuwadanganya watu wengi mara moja. Mkisikia mtu anaitwa kwa jina la mnyama, na wasikiaji wanacheka, ulizeni moyoni, Baada ya kicheko hiki litafuata nini?

Je, basi tuzitupe hadithi za wazee? Hasha. Ninyi wa Karatu mlio karibu na Ziwa Eyasi mwawajua Wahadza. Wao huongozwa na ndege mdogo aliaye mbele yao, akiruka mti kwa mti, mpaka penye mzinga wa nyuki katika mti. Mtu wa mbali akisikia hayo atasema ni hadithi kama ya tembo asiye na magoti. Lakini ni kweli tupu, wataalamu wameshuhudia. Juu ya kweli hiyo watu katika sehemu nyingi za Afrika wameongeza maneno haya: usipomwachia ndege sehemu yake, safari ijayo atakuongoza kwa simba au kwa nyoka. Maneno hayo hufundisha shukrani, na ni mafundisho mema. Lakini imeonekana kuwa Wahadza wenyewe mara nyingi huyachoma au kuyazika masega yaliyobaki, ili ndege asishibe upesi, apate kuongoza tena. Na ndege huwarudia. Katika habari moja hiyo mna kweli iliyoonekana na fundisho lililoongezwa. Vyote viwili ni vizuri, mradi mtu asivichanganye.

Tena maana yaweza kubadilishwa na watu wenyewe. Zamani morani aliyemwua simba alivaa manyoya ya shingo yake kichwani, yaitwayo olawaru, na asiyewahi kuua alivaa manyoya ya mbuni. Simba alikuwa kipimo cha ushujaa kwa kuuawa. Siku zetu, katika nchi ya Ngorongoro, wako vijana wa Kimasai waitwao ilchokuti, yaani walinzi, ambao hufuata nyayo za simba kila siku na kuwaonya wachungaji wasipeleke ng'ombe upande ule. Kumfuata simba kwa miguu kwataka ushujaa ule ule. Simba amebaki kuwa alama. Ila alama yenyewe sasa husomwa naye akiwa hai.

Nanyi vijana wa shule nawapa kazi ndogo. Chukueni daftari, mgawanye ukurasa sehemu mbili kwa mstari. Upande wa kushoto andikeni, Niliyoambiwa. Upande wa kulia andikeni, Niliyoyaona. Chagueni mnyama mmoja wa karibu: kunguru, mjusi, nyani, au fisi mnayemsikia usiku. Waulizeni wazee, mwandike waliyosema, kwa heshima na bila kupunguza. Kisha mtazameni mnyama mwenyewe kwa mwezi mmoja, mkiwa mahali pa salama, mkaandike. Msishangae mkiona ya kuwa mzee alisema kweli katika mambo saba, na katika jambo la nane alikuwa akifundisha watoto adabu.

Nasi tulio wakubwa tuendelee kusimulia habari za sungura na fisi, kwa kuwa mtoto aliyekua bila hizo amekosa urithi. Tufunge mazizi yetu vema usiku. Na asubuhi tukimwona fisi anakwenda zake, tumwachie jina lake. Ulafi ni wetu, woga ni wetu, ujanja ni wetu. Tulimtwika yeye kwa kuwa hana mdomo wa kukataa.